Kikuku Kisichojua Kusema Sijui

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kope za panya.

Alikuwa ameumwa na kifutu namba mia mbili na kumi na mbili, na panya mweupe aliyeumwa na kifutu kwa kawaida hana siri. Anavimba, anatoka damu puani, anazunguka zunguka, anakufa. Huyu hakuvimba. Alikaa kwenye kona ya kasha kama mtu anayesikiliza mahubiri marefu. Kope zikashuka, zikapanda kidogo, zikashuka tena. Pua yake ilikuwa kavu. Nilidhani anasinzia. Kisha kifua kikaacha kupanda, na nikaelewa kwamba hakuwa na usingizi hata kidogo. Alikuwa macho muda wote, ila kope zimemshinda kuinua.

Nikaenda kumwambia Bwana Ndalahwa, mkuu wa shamba letu la nyoka hapa Igombwe. Nilisimama mlangoni mwa ofisi yake mpaka akaniona.

"Sema, Kalunde."

"Kope," nikasema.

"Kope za nani?"

"Za panya."

Akavua miwani, akanitazama kama anayemtazama mbuzi aliyeingia kanisani. "Nyoka katoa matone mangapi?"

"Mawili."

"Basi ni mkavu. Mrudishe mlimani. Na kope waachie wanaouza wanja."

Ndivyo tulivyofanya kazi tangu shamba lifunguliwe, miaka arobaini iliyopita. Kila kifutu aliyekamatwa alikamuliwa mara tatu. Aliyetoa matone matatu na zaidi alibaki, akapewa kasha na jina. Aliyetoa chini ya matatu aliitwa mkavu. Alipakwa doa la bluu mkiani ili asikamatwe tena bure, akaandikwa namba kando ya doa na daftarini, akarudishwa porini, kwenye mlima wa Nsololo. Ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, na mabegani unabeba mfuko unaopumua. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Wengine walisema wana watoto wadogo.

Kabla sijaondoka nilijaribu na Msajili. Huyo ni mtambo uliopo ukutani, unaopokea taarifa zote za sumu kutoka bonde zima. Nilipenda kuongea naye kwa sababu hakuwa na macho.

"Karibu," akasema. "Taja elimu yako."

"Darasa la tano. Sikumaliza."

"Asante. Taarifa yako imepewa uzito wa moja kwa kumi. Ikithibitishwa na wengine tisa wa kiwango chako, itasomwa."

Wengine tisa! Shamba zima tulikuwa watu kumi na wanne, na walioona kope za panya yule tulikuwa mimi na panya.

Nikamtia nyoka kwenye mfuko, nikaondoka naye. Wingu lilikuwa limeshika upande wote wa mashariki. Nilirudi mapema kuliko kawaida, na hakuna aliyeuliza.

*

Siku tisa baadaye, asubuhi, wifi yangu Nyamizi alikuja nyuma ya banda la makasha na kapu la uyoga. Nyamizi ni mke wa kaka yangu Shija, na ndiye mpishi wa shamba. Anaongea kwa niaba ya ukoo wote.

"Wifi bubu, hujambo?"

"Sijambo."

"Ee! Leo umesema neno zima. Nitamwandikia kaka yako barua huko aliko na nyuki zake." Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kumenya uyoga. "Unajua siku ya posa Shija aliniambia nini? Tuna mbuzi watano, tuna mizinga thelathini. Hakuniambia tuna dada mmoja anayeongea na nyoka tu."

"Nyoka hawaulizi maswali," nikasema.

Alicheka mpaka kapu likataka kuanguka. Kisha akanyoosha mguu wake wa kulia. "Tena hao nyoka wenu wana adabu mbaya. Mmoja kaniuma sasa hivi pale korongoni. Mnene, amelala kwenye majani kama kinyesi cha ng'ombe. Ningemkanyaga kabisa."

Juu ya kifundo cha mguu kulikuwa na vitobo viwili vidogo. Hakukuwa na uvimbe. Damu ilikuwa imekauka yenyewe, safi, kama ya mtu aliyejichoma na mwiba.

"Kikuku kimesema nini?"

Akainua mkono wa kushoto na kukibonyeza kikuku chake. Kila mtu bondeni ana kikuku, tunavalishwa tukianza kutembea. Ukiumwa, kinachoma sindano ndogo, kinaonja damu, na kikikuta sumu kinakudunga dawa papo hapo. Mwaka uliopita kiliokoa watu mia tatu na kumi na sita. Kina sauti ya mama kijana aliyelala vizuri.

"Salama!" kikaimba. "Nyoka hakutoa sumu. Endelea na siku yako!"

"Umesikia?" Nyamizi akasema. "Hata kuuma hawajui. Na wanavyojipamba! Huyu alikuwa na doa la bluu mkiani, kama bibi harusi aliyepakwa hina akakimbia kabla hawajamaliza."

Fimbo yenye ndoana ya kukamatia nyoka ilikuwa mkononi mwangu, na niliitazama kama vile ndiyo iliyosema.

"Namba uliiona?" nikauliza mwishowe.

"Namba ya nini? Nilikuwa naruka, wifi, sikuwa nasoma." Akataka kuchukua uyoga mwingine, akaukosa, akashika hewa. Akapepesa macho. "Mbona leo mko wawili? Mmoja tu alinitosha kwa ukimya."

Nikazitazama kope zake. Zilishuka, zikapanda kidogo, zikashuka tena.

*

Ukumbini mwa shamba kuna picha inayosema, iliyowekwa kwa ajili ya wageni. Mimi ndiye niliyeifuta vumbi miaka minne, na maneno yake nimeyasikia mara nyingi kuliko sala. Inasema hivi. Zamani sumu ya kifutu ilikuwa ya damu na nyama tu, inayeyusha na kuozesha. Kisha wataalamu wakatengeneza panya wa damu ngumu, ambao sumu hiyo haiwafanyi kitu, ili dawa itolewe kwenye damu yao. Kisha ikaja mafuriko, na mabanda yakabomoka. Picha inasema kwamba panya "walipotea". Hawakupotea. Wamo kwenye mahindi yetu mpaka leo, wanene kama viazi.

Mahali pengine picha hiyo inaeleza jinsi sumu inavyobadilika, na hapo wageni huwa wameshaanza kuulizia choo. Mimi nilipapenda. Inasema kinasaba cha sumu wakati mwingine hujirudia, nyoka akazaliwa na nakala mbili za kitu kimoja. Ni kama fundi cherehani mwenye mikasi miwili. Mmoja unaendelea kukata vitambaa. Wa pili hauna kazi, kwa hiyo ukinolewa vibaya hakuna hasara. Unolewe mara elfu, vibaya kila mara, na siku moja utakata kitu ambacho mikasi haikuwahi kukikata.

Picha haikusema lililofuata. Nililiunganisha mwenyewe nikiwa nimeshika fagio, na sikumwambia mtu, kwa sababu lilionekana wazi mno nikadhani wasomi wanalijua. Kifutu anamuuma panya wa damu ngumu, panya anaenda zake, kifutu analala njaa. Lakini yule mmoja mwenye mkasi wa pili, ambao umejifunza kukata mawasiliano kati ya mishipa ya fahamu na misuli, huyo anakula. Panya wake hatoki damu. Analegea tu, kope, shingo, kifua. Na sumu ya namna hiyo haihitaji kuwa nyingi. Matone mawili yanatosha.

Matone mawili! Miaka arobaini tumekuwa tukiwachagua wenye sumu ya zamani na kuwaweka ndani, na wenye sumu mpya tumekuwa tukiwapaka rangi na kuwabeba mabegani kuwarudisha. Dawa yote iliyomo vikukuni imetoka kwa wale wa ndani.

*

Nilimburuta Nyamizi hadi zahanati ya shamba. Sista Leokadia alimlaza kitandani, akamtazama mguu, akabonyeza kikuku.

"Salama! Endelea na siku yako!"

"Unaona, Kalunde," Sista akasema kwa upole. Ni mtu mpole, na siku ile upole wake ulinichosha kuliko ukali wa mtu mwingine yeyote. "Damu yake inaganda vizuri kuliko yangu. Amepata hofu tu. Mpe maji."

Nikampa maji. Yakatoka puani.

"Nyamizi, inua kichwa," nikasema.

"Nai... nainuwa, akiinuki," akajibu, kama ana kiazi cha moto mdomoni. Kichwa hakikuinuka kwenye mto wa kitanda hata unene wa kidole.

Sista alikunja uso. Aligeukia kabati la kioo lenye mfuko wa kupumulia, ule wa mpira wenye barakoa. Akagusa kitasa.

"Kabati hili hufunguliwa na kikuku cha mgonjwa aliye hatarini," kabati likasema. "Mgonjwa huyu yuko salama."

"Amekosa pumzi!" Sista akaliambia.

"Mgonjwa huyu yuko salama."

Akabonyeza tena kikuku. Kikaimba. Akaenda tena kwenye kabati. Likakataa. Kikuku kikaimba. Nilisimama katikati ya vyombo viwili vyenye sauti nzuri vilivyokuwa vinapokezana uongo kwa adabu, na midomo ya wifi yangu ilikuwa inageuka rangi ya zambarau. Kuna hasira inayopiga kelele. Yangu haijui njia hiyo. Nilitoka nje, nikaenda jikoni kwake, nikachukua mchi wa kinu, nikarudi, nikavunja kioo.

"Uharibifu wa mali," likasema kabati. "Taja elimu yako."

Sista alishafika kwenye mfuko. Akaweka barakoa usoni kwa Nyamizi, akanyanyua taya, akabonyeza. Kifua kikapanda. "Bonyeza, hesabu mpaka nne, bonyeza," akaniambia, akanikabidhi. "Usipitiwe. Sasa wewe ndiye mapafu yake."

"Mpaka lini?"

"Mpaka sumu imwachie. Leo jioni, kesho, sijui."

Nilitaka kumkumbatia kwa neno hilo la mwisho. Lilikuwa la kwanza la kweli kusikika chumbani humo tangu tuingie.

*

Bwana Ndalahwa alikuja saa sita mchana. Alikanyaga vioo, akatazama mfuko, akatazama mchi, akaketi kwenye benchi kama mtu aliyebeba gunia.

"Ni kope," akasema.

Nikabonyeza, nikahesabu.

"Kalunde, mimi si mnyama. Namwona. Mpe pumzi mpaka kesho kutwa, nitaweka watu wa zamu, kioo nitasema kilianguka. Ila usitake niandike sumu mpya. Unajua nini kinatokea nikiandika?"

Nilijua. Sista alikuwa amenieleza. Sumu mpya ikiandikwa, vikuku vyote vya bonde huzimwa siku hiyo hiyo, mpaka vifundishwe upya. Miezi mitatu.

"Miezi mitatu ya masika," akasema. "Watu wanapalilia, nyoka wako kila mahali. Wale wa sumu ya zamani bado ndio wengi, kumi kwa mmoja. Baba yangu aliumwa kabla ya vikuku. Mguu ulioza akiwa anautazama. Alikuwa akituambia tufunge mlango ili majirani wasinuse. Unataka nifungue mlango huo kwa watu mia tatu kwa sababu ya mmoja?"

"Kwa nini kisiseme tu hakijui?" nikauliza.

"Nini?"

"Kikuku. Kikikuta alama za meno na hakikuti sumu, kiseme sijui. Nenda zahanati. Kwa nini kiseme salama?"

Akacheka, bila furaha. "Cha kwanza kilikuwa kinasema hivyo hivyo. 'Sina hakika.' Watu walikivua wakawafungia mbwa. Walisema kinawatia hofu. Basi kikatengenezwa chenye maneno mawili tu, sumu au salama, na watu wakakipenda." Akasimama. "Na hata nikitaka kuandika, Msajili atauliza chanzo. Nyoka gani, ametoka wapi. Bila namba ya nyoka ni uvumi wa darasa la tano. Namba ingekuwepo hata Msajili asingekuwa na la kubisha. Lakini ni nyoka wa porini, hana namba. Kwa hiyo wewe nyamaza tu. Kunyamaza unakujua."

Akatoka hadi barazani, akasimama huko amegeuza mgongo.

Nikabonyeza, nikahesabu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Ningeweza kunyamaza. Yeye hakujua habari ya doa la bluu. Nyamizi alikuwa ameniambia mimi tu, na Nyamizi hakuwa na ulimi. Vikuku vingeendelea kuwaimbia watu mia tatu na kuwaponya kweli. Na yule kifutu angekuwa pale korongoni, na wenzake. Kifutu jike huzaa arobaini kwa mpigo, wakiwa hai, wakiwa na sumu tayari. Mwaka huu ni mmoja kwa kumi. Nilijua kuhesabu mpaka hapo, na sikuhitaji darasa la sita.

Nilichukia kwamba hesabu hiyo imeletwa kwangu. Kulikuwa na watu wenye vyeti ukuta mzima. Wao walitengeneza panya, wakatengeneza kikuku, wakakinyima neno moja dogo ambalo kila mtu mwenye akili hulisema mara kumi kwa siku. Na mimi, ambaye hata dukani naonyesha kitu kwa kidole ili nisitaje jina lake, ndiye niseme.

"Sista," nikaita. "Anatusikia?"

Sista Leokadia aliinama sikioni kwa Nyamizi. "Mama, kama unasikia, sogeza dole gumba la mguu."

Tulitazama. Lilichukua muda. Kisha dole likacheza, kidogo sana, kama mtu anayegonga mlango wa mgeni.

"Anasikia yote," Sista akasema. "Sumu hii inafunga milango, haizimi taa. Amekuwa nasi tangu asubuhi."

Tangu asubuhi. Amesikia kwamba yeye ni mmoja na wengine ni mia tatu. Amesikia kikuku chake mwenyewe kikimwambia aendelee na siku yake. Nyamizi, anayeongea kwa niaba ya ukoo, amelala kimya akisubiri mtu mwingine aongee, na mtu aliyekuwepo nilikuwa mimi.

"Shika mfuko," nikamwambia Sista.

Nikauchukua mkono wa kushoto wa wifi yangu. Ulikuwa mzito na wa moto. Nikabonyeza kikuku, mbonyezo mrefu, ule wa kupeleka taarifa kwa Msajili.

"Karibu!" kikaimba. "Taja elimu yako."

"Nina namba ya nyoka."

Barazani, mgongo wa Bwana Ndalahwa uligeuka.

"Kalunde," akasema. "Kalunde, mwanangu, fikiri."

"Taja namba," kikuku kikasema, kwa sauti nyingine, isiyo na wimbo.

"Mia mbili na kumi na mbili. Doa la bluu. Panya wake alikufa hivi hivi, kwa kope. Matone mawili. Kabla yake wapo wengine thelathini, namba zao zimo kwenye daftari langu, wote kwa miaka hii miwili."

"Taja mahali walipoachiwa."

Daftari lilisema Nsololo, mara thelathini na moja, kwa mwandiko wangu. Bwana Ndalahwa alikuwa mlangoni. Sista alikuwa anabonyeza, anahesabu kwa midomo. Nilikiachia kikuku, nikainama mpaka uso wangu ukawa juu ya uso wa Nyamizi, karibu na zile kope zilizofungwa. Kwa kikuku ningeweza kusema korongoni na nikaishia hapo. Kilichobaki hakikuwa cha kikuku.

"Korongoni," nikasema. "Wote. Sikufika mlimani hata mara moja, wifi, ni mbali, na nilikuwa nimechoka kutumwa. Na huyu wa mwisho, nilipomwachia, nilikuwa nimeshaona kope."